Kwenda Vwawa na Daftari

Simu ilinikuta Buguruni asubuhi ya Jumapili, mwanzoni mwa Januari, nikipiga pasi sare za watoto. Mama mkubwa hakunisubiri hata nimwamkie. "Mwanangu, upepo umetuezua. Tumelala kwa watu."

Mama mkubwa ni dada wa mama yangu, tumbo moja. Aliolewa na mfanyakazi wa reli ya TAZARA, mumewe akapangiwa kituo cha Vwawa, na alipostaafu hawakurudi tena Dar es Salaam. Walinunua kiwanja, wakachoma tofali zao wenyewe, wakajenga. Baba mkubwa alifariki miaka sita iliyopita. Kila Krismasi nilikuwa naahidi kwenda kumwona mjane wake, na kila Krismasi nauli iliishia kwenye ada.

Nilimuuliza kama kuna aliyeumia. Hakuna, alisema, ila ukuta wa mbele umepasuka na magodoro yote yamelowa. Swali langu la pili lilimshangaza.

"Wameshakuja kuandika majina?"

"Nani?"

"Yeyote, mama. Mwenyekiti, mtendaji, yeyote."

"Hatujamwona mtu. Fundi yupo hapa, anataka kurudishia bati zilizopona."

Nikamwomba asubiri kidogo, mjukuu ampigie picha kwanza, chumba kwa chumba, na bati zilizotawanyika shambani zipigwe hapohapo zilipoangukia. Akanyamaza. Kisha akasema neno nililolibeba njia nzima: "Mwanangu, mvua ya jioni haisubiri picha."

Niliuliza habari ya majina kwa sababu ya Desemba 2011. Tulikuwa tunaishi Kigogo, karibu na bonde la Msimbazi, chumba kimoja cha kupanga. Mvua iliyoanza tarehe 20 mwezi ule ilielezwa kuwa kubwa kuliko zote zilizopata kunyesha Dar es Salaam tangu 1954. Watu zaidi ya 40 walikufa. Kwetu maji yalifika dirishani, tukatoka na ndoo, kitabu cha kliniki cha mdogo wangu na redio iliyokwisha kufa. Orodha ya walioathirika ilipopita mtaani, mimi na mama tulikuwa tumekwenda kutafuta pa kulala. Aliyeulizwa aliwataja waliokuwepo, na mwenye nyumba alitaja nyumba yake. Familia nyingi zilihamishiwa Mabwepande, kwenye mahema kwanza, baadaye viwanja. Sisi hatukuwa kwenye karatasi yoyote. Mama alizunguka na ushahidi wake wa mdomo hadi Machi, akachoka. Kwa hiyo nilipoomba ruhusa kazini na kukata tiketi, kitu cha kwanza nilichotia mkobani kilikuwa daftari la kurasa 96 na kalamu tatu.

Basi liliondoka Kituo cha Magufuli, Mbezi, saa kumi na moja alfajiri. Sikuwahi kupita Morogoro maishani mwangu. Mikumi niliona twiga wawili na kundi la swala, Ruaha Mbuyuni nikanunua vitunguu vya mama mkubwa, na Kitonga nilifumba macho kila tulipolipita lori. Kilichonigusa zaidi kilikuwa Mafinga. Pande zote mbili kuna mashamba ya misindano yaliyopandwa kwa mistari, na malori yaliyosheheni mbao yanasubiri kuingia barabarani. Abiria aliyekaa nami, mzee mmoja wa Mlowo anayenunua mahindi, aliniambia mbao zile ndizo mapaa ya nusu ya nchi. Nikamweleza ninakokwenda na kwa nini.

"Upepo wa kwetu unakuja na mvua za kwanza," alisema. "Novemba, Desemba, wakati mwingine Januari. Huku msimu ni mmoja tu, mpaka Aprili. Ukiezuliwa mwanzoni mwa msimu, una miezi mitatu minne ya kunyeshewa mbele yako."

Ukiezuliwa Septemba, jirani atakukaribisha na utakuwa na muda. Ukiezuliwa Januari, mahindi ya ghalani yanaota, ukuta wa tofali zilizojengewa udongo unaanza kulainika kutoka juu, na kila siku ya kusubiri inaongeza hasara. Mtu asiyejua hilo hawezi kuelewa kwa nini watu wa Vwawa wanapanda juu ya nyumba na nyundo kabla machozi hayajakauka.

Tulipita Uyole usiku, Mwanjelwa, Mbalizi, kisha mteremko wa Senjele ambao dereva aliupita taratibu mno na basi zima likanyamaza. Nilishuka Vwawa saa tano na nusu, baridi ikanipiga kama niliyefunguliwa jokofu. Mama mkubwa alikuwa amesimama kando ya barabara na kanga mbili mabegani. Nikapiga magoti kumwamkia palepale kwenye kokoto, akaniinua, tukaenda kulala kwa jirani aliyempokea.

Asubuhi ndipo nilipoiona Vwawa. Mji umekaa juu ya vilima vya udongo mwekundu, na barabara kuu ya kwenda Tunduma imeupasua katikati. Tangu Songwe ilipokuwa mkoa mwaka 2016 hapa ndipo makao makuu, kwa hiyo kuna majengo mapya ya serikali, lakini ukiacha barabara hatua mia mbili umo kwenye migomba, kahawa na mahindi yaliyokwisha kufika kiunoni. Ukungu ulikuwa bado umelala bondeni. Na katikati ya uzuri ule ikasimama nyumba ya mama mkubwa, kuta nne na anga.

Upande wa mashariki wote ulikuwa wazi. Kenchi tatu zilikuwa zimenyanyuliwa nzimanzima, papi zikiwa bado zimeshika bati, zikatupwa kwenye shamba la mahindi la jirani, mita 40 hivi kutoka pale. Upande wa magharibi bati zilibaki, lakini misumari ilikuwa imelegea na kila upepo ukivuma zilipiga kelele. Sebuleni picha ya baba mkubwa akiwa na kofia ya reli ilikuwa ukutani, kioo kimejaa maji kwa ndani.

Fundi alinipandisha juu ya ngazi kunionyesha. Mbao inayolala juu ya ukuta ilikuwa imewekwa tu juu ya tofali na kutiwa udongo. Hakuna mkanda wa zege, hakuna waya wala nondo iliyotoka ukutani kuifunga. Paa lile lilikaa miaka ishirini na nane kwa uzito wake peke yake. Bati zilikuwa geji 32, nyembamba, na ukingo wa paa ulitokeza sana mbele ili kukinga mvua barazani. "Upepo hausukumi bati kwa juu," alisema. "Unaingia chini ya baraza, unakosa pa kutokea, unanyanyua." Mti mkubwa uliokuwa ukikinga upande ule ulikatwa mwaka juzi kwa kuni. Nikaandika yote.

Na jibu la mama mkubwa juu ya mvua ya jioni nililikuta limetundikwa mbele yangu: turubai kubwa la kijani, limefungwa kwa kamba juu ya chumba cha kulala. Ni turubai la kuanikia kahawa. Kahawa ya hapa huvunwa kuanzia katikati ya mwaka, hivyo Januari maturubai yamekunjwa stoo, na jirani mmoja alikuwa ametoa yake yote manne na kuyagawa kwa walioezuliwa, usiku uleule, kwa tochi. Kina mama wa kanisani walileta debe la mahindi, maharage na sufuria mbili. Vijana waliokota bati shambani na kuzipanga. Hakuna hata mmoja aliyeulizwa kitambulisho. Nataka hili lisimame mahali pake kabla sijaanza habari za ofisi, maana ndio msaada uliofika kwanza, na ulitoka kwa watu ambao nao wana bati hizohizo vichwani mwao.

Nyumba zilizoezuliwa zilikuwa 12, zote kwenye mkondo mmoja mwembamba. Upepo ulipita kitongoji kimoja tu. Ng'ambo ya barabara watu walisikia mvua na kulala.

Hapo ndipo ugumu wa jambo lenyewe ulipo. Sheria ya Menejimenti ya Maafa ya mwaka 2022 imeweka kamati kuanzia kijiji na mtaa, kata, wilaya ambako mwenyekiti ni mkuu wa wilaya, mkoa, hadi taifa chini ya Ofisi ya Waziri Mkuu. Ngazi ni nzuri kwenye maandishi. Lakini ngazi ya juu huamshwa na ukubwa wa tukio. Mwakata, Kahama, Machi 2015, mvua ya mawe iliua watu zaidi ya 40, wengi wameangukiwa na kuta za nyumba zao, na nchi nzima ikasikia. Hanang, Desemba 2023, tope la mlima liliua watu zaidi ya 80, na serikali na wadau wakajenga nyumba 109 kwa waliopoteza makazi. Nyumba 12 za Vwawa bila msiba hazitangazwi na redio yoyote. Kwa mama mkubwa, hata hivyo, paa lililokwenda ni paa zima.

Mwenyekiti wa kitongoji alikuwa mtu makini. Alinipokea barazani kwake, akasikiliza, akasema ameshapeleka taarifa kwa mtendaji wa kata kwa simu. Nikamwomba tuiandike. Tukazunguka pamoja siku mbili, nyumba hadi nyumba: jina la mwenye nyumba, idadi ya watu, watoto chini ya miaka mitano, wazee, bati zilizoharibika, ukuta, chakula kilicholowa, na mashahidi wawili wa kila nyumba. Picha tulipiga kwa simu yangu, kila moja na mwenye nyumba amesimama ndani yake.

Kwenye nyumba ya mama mkubwa nilidhani nimemaliza. Kumbe uani kuna vyumba viwili vya kupangisha, na kimoja kina binti wa miaka kama ishirini na mbili, mama wa mtoto mchanga, anayeuza maandazi stendi. Bati la chumba chake lilikuwa limekunjwa kama karatasi. Nilipomuuliza kama ameandikwa aliinamisha kichwa. "Mimi si mwenye nyumba, dada. Mimi ni mpangaji tu."

Nililisikia neno hilo kwa sauti ya mama yangu. Nikafungua ukurasa mpya, nikaandika jina lake juu kabisa, la mtoto chini yake, nikahesabu vyote: godoro moja, unga wa ngano kilo ishirini na tano uliolowa, jiko la mkaa, nguo za mtoto. Mwenyekiti alitazama, akasema, "Kumbe na hawa." Tukarudi nyumba zote tulizokwisha kupita. Wapangaji walikuwa kaya saba.

Siku ya nne tulipeleka orodha. Kwenye ofisi moja niliyotumwa, kijana wa mapokezi alisoma ukurasa wa kwanza na kusema kabla hajafika wa pili, "Fidia hakuna, dada." Nilimjibu kwa upole kwamba sikuomba fidia. Kuchanganya fidia na msaada kunawapotezea watu siku nyingi. Fidia ni malipo ya kitu kilichochukuliwa au kuharibiwa na mwenye kuwajibika. Upepo hauna wa kumshitaki, na serikali imesema mara kadhaa kwamba haijengi nyumba ya kila mtu baada ya janga la asili. Baada ya tetemeko la Kagera la Septemba 10, 2016 ilisemwa hadharani. Lakini msaada wa kibinadamu ni kitu kingine, na upo: chakula, blanketi, maturubai, vyombo, wakati mwingine bati na saruji kutoka kwa wadau, Chama cha Msalaba Mwekundu, makanisa, wafanyabiashara. Anayekwenda kudai fidia hujibiwa hakuna, akarudi nyumbani akiamini hakuna chochote. Anayeomba tathmini ifanyike na msaada wa dharura, akiwa na barua ya mwenyekiti yenye muhuri na orodha, anakuwa na kitu ambacho lazima kipokelewe na kugongwa muhuri wa tarehe. Nilisubiri muhuri ule kwa saa tatu. Nilipoupata nilitoka nje nikavuta pumzi.

Wakati nikisubiri nilivuka barabara hadi kwenye kibanda cha wakala wa bima. Viko vingi njia hii, kwa ajili ya malori yanayokwenda mpaka wa Tunduma. Kwa kadi ya njano ya COMESA, gari la Tanzania linavuka Zambia hadi Kongo likiwa na bima inayotambulika huko kote. Nilimuuliza wakala kuhusu nyumba. Alinieleza kwa subira: ipo bima ya moto, na juu yake unaongeza tufani na mafuriko, lakini kampuni itataka kujua thamani, umiliki, na nyumba imejengwa kwa nini. Tofali za udongo bila mkanda, kiwanja cha hati ya mauziano ya mkono, mjane ambaye fedha yake inakuja mara moja kwa mwaka wakati wa mavuno. Hakusema haiwezekani. Alisema hajawahi kumwandikia mtu wa namna hiyo. Lori linalopita mbele ya nyumba lina bima hadi Lubumbashi, na nyumba ina bima ya majirani.

Sioni kwa nini iendelee hivyo. Mwaka 2023 kampuni za bima nchini ziliungana kuanzisha bima ya kilimo kwa pamoja, kwa sababu shamba la mkulima mdogo ni mzigo mzito kwa kampuni moja peke yake. Wakulima wa kahawa wa hapa wana vyama vyao vya msingi, vinavyojua nani ana nini na lini analipwa. Kina mama wana vikoba vyenye daftari safi kuliko ofisi nyingi. Paa linaweza kuingizwa humo, mchango mdogo ukakatwa msimu wa mauzo. Hata Marekani, ambako nyumba nyingi zina bima, bima ya kawaida haigusi mafuriko, na serikali yao ililazimika kuanzisha mpango wake tangu 1968. Watu wa Vwawa hawajawahi hata kuulizwa kama wangechangia.

Timu ya tathmini ilikuja siku ya sita: mhandisi, afisa ustawi wa jamii na mtendaji. Walifanya kazi yao kwa heshima, wakavua viatu kwenye nyumba zenye matope. Kwa mama mkubwa turubai lilikuwa juu, lakini bati 28 zilizokunjika zilikuwa zimepangwa ukutani na picha zilikuwepo. Mhandisi akahesabu, akapima ufa, akaandika.

Nyumba ya tano ilikuwa ya baba mmoja fundi baiskeli. Ana mtoto mwenye pumu. Siku ya pili tu baada ya upepo alikopa, akanunua bati, akaezeka, akauza zilizoharibika kwa mnunuzi wa vyuma chakavu ili apunguze deni. Picha hana, sisi tulifika akiwa ameshamaliza. Mhandisi alitazama juu, akaona paa linang'aa, akaandika: imekarabatiwa. Akaenda nyumba ya sita. Yule baba alibaki amesimama mlangoni, mikono imeshika kitambaa cha grisi. Hakuomba kitu. Mtu aliyemkinga mwanawe haraka kuliko wote ndiye aliyetoka kwenye hesabu, na deni lake halikuandikwa popote. Mimi na mwenyekiti tulikaa usiku ule tukaandika barua yake, mashahidi wanne, risiti ya duka la vifaa, jina la aliyemkopesha. Nilitetemeka mkono nikiandika, sijui kama ni baridi.

Fundi alimpigia mama mkubwa hesabu ya paa: bati 36 za geji 30, papi 40, mbao za kenchi, misumari, ufundi, jumla Sh 1,610,000, bila mkanda wa zege. Kikoba chake kilimkopesha laki sita. Mimi nilitoa nilichokuwa nacho. Tukaezeka upande wa vyumba vya kulala pamoja na chumba cha binti uani, na safari hii fundi alichimba tofali tatu chini ya kila kenchi, akazungushia waya mnene na kuukaza kwa koleo. Sebule ilibaki na turubai la kahawa.

Niliondoka siku ya tisa. Binti wa maandazi alinifungia kumi kwenye gazeti, akakataa hela.

Wiki tatu baadaye mama mkubwa alipiga simu. Msaada umekuja, alisema. Mahindi, blanketi, ndoo, sabuni. Waliita majina mbele ya ofisi ya kata, mmoja mmoja.

"Na binti?"

"Ameitwa. Alikuwa na mtoto mgongoni, akaitika mara mbili, alidhani hawajamsikia."

"Na fundi baiskeli?"

Nilisikia mvua ikipiga bati nyuma ya sauti yake, na upande mwingine, mlio mzito wa mvua juu ya turubai.

"Bado," alisema. "Barua ipo kwa mwenyekiti. Kesho anaipeleka tena."